Uzi wa Tanga la Mzee Ildefonce

Kila siku alipotoka shule, Joyness alivua sare, akala mtori wa ndizi uliobaki mchana, kisha akaingia kwenye kibanda cha mama yake hapo sokoni Kiboriloni kutia cherehani mafuta. Hiyo haikuwa cherehani ya magauni. Ilikuwa nyeusi na nzito, yenye sindano nene, nayo ilishona maturubai, mabegi ya wapagazi na mahema ya kupandia mlima. Mama yake, Priska, alikuwa fundi wa vitu vigumu. Alimfundisha Joyness kazi hiyo tangu akiwa darasa la tatu, na sasa akiwa la saba, mtoto alipiga mshono ulionyooka kuliko mafundi wengi wenye ndevu.

Jumatatu moja alikuta mteja ameketi kwenye benchi. Alikuwa mzee mrefu, kofia ameiweka gotini. Joyness alimtambua kabla hajageuka, na damu ikamchemka.

"Shikamoo," alisema, kwa heshima ya mama yake tu.

"Marahaba, mjukuu. Umekua."

Huyo alikuwa Mzee Ildefonce wa Kibosho. Miaka mitatu nyuma alikuwa msimamizi wa stoo ya kampuni moja ya kupandisha watalii, naye ndiye aliyempa Priska mahema ya kushona. Siku moja marobota mawili ya kitambaa hayakuonekana. Mzee hakuuliza wala hakutafuta. Aliteremka hadi Kiboriloni siku ya soko, akasimama mbele ya kibanda, na kwa sauti ya kuita ng'ombe akatangaza kwamba Priska ni mwizi. Wiki mbili baadaye marobota yalikutwa humo humo stoo, nyuma ya magunia ya kamba. Wapagazi walileta habari hiyo. Mzee mwenyewe hakuileta. Kazi zikapungua, shuleni Joyness akaitwa "mtoto wa marobota," na mzee akastaafu zake akahamia Pangani. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na Joyness hakuwa amepoa hata kidogo.

"Mimi na binti yangu Esther tuna boti ya matanga," mzee alikuwa akieleza. "Ina vitanda viwili na jiko ndani, tunapeleka wageni visiwani. Jua limemaliza matanga yake, yanachanika kama gazeti. Nikiagiza mapya ng'ambo nitasubiri miezi. Kitambaa nimepata Dar es Salaam. Mshonaji sijampata." Alikohoa. "Esther kaniambia, nenda kwa yule aliyekuwa akishona mahema yako."

Priska alimaliza mshono uliokuwa mkononi. Kisha akasema, "Lete tanga la zamani tulipime."

Joyness alitaka kupiga kelele. Mzee alipoondoka ndipo alipomwuliza mama yake kwa nini amekubali.

"Kwa sababu ni kazi, na kazi hii naiweza," mama alijibu. "Nikimkatalia, atapata nini cha kujutia? Atasema hata kushona sijui."

Kesho yake walilitandaza tanga la zamani kwenye kiwanja cha shule, maana kibandani lisingeenea. Hapo Priska akajifunza jambo jipya. Yeye alizoea mahema, na hema zuri ni lile lililokaza bila mkunjo. Mzee akamwambia tanga halishonwi hivyo. Vipande vyake hukatwa na pindo lililopinda kidogo, vikiunganishwa tanga linapata tumbo, na tumbo ndilo linaloshika upepo.

"Na kona hii ya juu?" Joyness aliuliza.

"Hiyo ndiyo mama wa zote. Kamba ya kupandishia inafungwa hapo. Mshono wa kona hiyo ukiachia, tanga zima linaanguka, na boti inabaki kuyumba." Akampa Priska rola ya uzi mweupe. "Huu hauozi kwa jua wala chumvi. Uzi mwingine wowote, miezi michache umekwisha. Unatosha matanga mawili na kubaki."

Joyness aliyasikia maneno hayo na kuyatunza.

Jioni, akichota maji bombani, alimwambia Kindness, jirani na rafiki yake, kwamba mzee amerudi.

"Angemwita mama yangu mwizi, ningemmwagia maji ya mchele," Kindness alisema. "Wewe unamshonea?"

"Namshonea," Joyness alijibu. "Subiri uone."

Alikuwa na furaha ya ajabu wiki ile, furaha chungu kama kahawa isiyo na sukari. Usingizi ulipochelewa, alimwona mzee yuko baharini mbele ya wageni wake, tanga limemwangukia kichwani, watu wanamcheka kama sokoni walivyomcheka mama. Hakuwaza zaidi ya hapo. Mwenye hasira huona anapotaka kufika, haoni njia.

Priska alishona mapindo yote marefu mwenyewe. Viraka vya kona, ambavyo vilikuwa vya tabaka sita na vilitaka vidole vidogo, alimwachia binti yake. Alipofikia kona ya juu ya tanga kubwa, Joyness alichomoa uzi wa mzee na kuivisha cherehani uzi wa kawaida, ule wa kushonea sare za shule. Ulikuwa mweupe vilevile. Rola iliyobaki akaitumbukiza ndani ya begi lake la madaftari. Mama alikagua kona ile kwa kidole, akaiinua kwenye mwanga.

"Umenishinda, mwanangu," alisema. "Sijawahi kupiga mshono kama huu."

Joyness akaona raha, kisha aibu. Lakini rola aliiacha ndani ya begi.

Jumamosi mzee alikuja na pikapu. Akayavuta matanga huku na huku, akapiga magoti, akachungulia mishono yote, na hakupata kosa.

"Kazi ni nzuri," alisema, kama mtu anayetolewa jino.

"Subiri kidogo," Priska akamwambia. Alitoa kipande cha kitambaa alichokidarizi usiku uliopita: PRISKA, KIBORILONI. "Mtu akiuliza huko pwani nani kashona, asome mwenyewe. Joyness, nipe ule uzi."

Joyness alilisogeza begi nyuma ya mgongo. "Umeisha, Mama."

"Umeisha wote?"

"Umeisha."

Mzee Ildefonce aliinua uso. "Uzi ule ulitosha na kubaki," alisema polepole, akimtazama Priska. Macho yake yalikuwa yale yale ya miaka mitatu nyuma. Safari hii hakutangaza lolote. Alikunja matanga yake, akalipa, akaondoka kwenda Kibosho, ambako angelala siku mbili kabla ya kurudi Pangani.

Priska aliketi. Kisha akasimama na kuanza kupekua. Alimwaga makopo ya vifungo, akakung'uta mabaki ya vitambaa, akapiga magoti akachungulia chini ya cherehani.

"Ameniona mwizi tena, Joyness. Umeona alivyonitazama? Na safari hii uzi kweli haupo."

Joyness alisimama mlangoni, begi begani. Siku zote alitaka mzee yule alie. Sasa aliyelia alikuwa mama, akipapasa sakafu kutafuta kitu kilichokuwa mgongoni kwa binti yake. Na siku kona ile itakapoachia, wataikagua, watakuta uzi wa bei ya chini, nao watasema mzee hakukosea tangu mwanzo, Priska alikula uzi mzuri. Uongo wa miaka mitatu ungekuwa kweli, na aliyeufanya kuwa kweli ni yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini Joyness alikuwa amemtanguliza mama yake.

Alifungua begi akaweka rola mezani. Akasema yote, bila kupunguza.

Priska hakumpiga. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umekauka, na hilo lilimtisha Joyness kuliko fimbo.

"Unajua nani anapanda boti ile?" aliuliza. "Esther ndiye nahodha. Mwanawe, Goodness, ana miaka sita, anakwenda nao kila likizo. Ulitaka kumwangushia nani tanga?"

"Sikumfikiria mtu mwingine, Mama. Nilimfikiria yeye tu."

"Najua. Kesho tunapanda Kibosho."

Jumapili baada ya ibada walipanda bodaboda, barabara ikiwarusha kwa mawe na mashimo. Walipofika kwenye njia ya kihamba cha mzee, yaani shamba la ukoo, Priska alisimama kwenye uzio wa masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani ambayo Wachagga hupandia mipaka. Mtu aliyemkosea mwenzake hubeba jani lake kwenda kuomba msamaha, na aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa.

"Kata moja," mama alisema.

"Mama, yeye hakutuletea isale hata siku moja."

"Sikukuuliza yeye alileta nini."

Joyness alikata. Mzee Ildefonce alikuwa ameketi kibarazani. Alipoliona jani mikononi mwa mtoto, alisimama taratibu.

"Shikamoo, babu. Nimekukosea. Kona ya juu ya tanga kubwa nimeishona kwa uzi mbovu makusudi. Uzi wako niliuficha. Mama hakujua. Huu hapa."

Mzee alilishika jani, akaitazama rola. "Ulitaka tuzame baharini?"

"Nilitaka uaibike."

"Kwa nini?"

Joyness alimtazama mama yake. Basi akalisema. "Kwa sababu ulimwita mama yangu mwizi mbele ya soko zima. Marobota mliyakuta, na hukurudi kusema."

Kuku walipita uwanjani. Mzee alikaa tena, jani limelala mapajani.

"Isale nimepokea," alisema mwishowe, na sauti ilikuwa ndogo. "Nimekusamehe. Chukueni tanga mlirekebishe."

Siku hiyo na iliyofuata Joyness alifumua tabaka sita za kona, tundu kwa tundu, mpaka vidole vikatoka damu. Mama hakumsaidia. Kisha akaishona upya kwa uzi wa mzee, na Priska akashonea jina lake pembeni.

Mzee alikuja kulichukua siku ya soko. Hakuja na pikapu hadi kibandani. Aliiacha barabarani, akapita kwa miguu katikati ya wauza ndizi na wauza mitumba, kofia kwapani, na mkononi amebeba isale. Watu wakaanza kugeuka. Alisimama pale pale aliposimama miaka mitatu nyuma.

"Mama Joyness, nilikukosea. Naomba unisamehe."

Priska alilipokea jani kwa mikono miwili, maana hana ruhusa ya kukataa. Lakini hakuwa amemaliza naye.

"Nimepokea, mzee wangu. Sasa yaseme kwa sauti ile ile ya siku ile. Mama wa nyanya kule mwisho hajasikia."

Mzee akageukia upande wa mwisho wa soko. Kisha akapaza sauti, akasema marobota yalikuwa stoo kwake, Priska hakuiba hata uzi mmoja, na yeye alijua miaka yote hiyo akanyamaza kwa aibu. Mama wa nyanya akasikia. Mtoto wake, aliyesoma darasa moja na Joyness, akasikia pia.

Pikapu ilipoondoka, Joyness aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, si tungefanya hivi tangu mwanzo?"

"Tungefanya. Na mimi nina kosa, nilikaa kimya nikakuacha ukiiva kwa hasira peke yako." Priska alimfuta vumbi shavuni. "Lakini shika hili. Ulirusha kisasi kwa mzee, kikanipata mimi kwanza, na kilikuwa njiani kumwendea mtoto wa miaka sita. Kisasi hakijui nyumba uliyokituma. Ukweli unaijua. Umeusema kibarazani kwake, siku tatu baadaye umekuja wenyewe hadi sokoni."

"Na wewe umemsamehe kabisa?"

Priska aliliweka lile jani juu ya meza ya kukatia.

"Isale nimelipokea leo," alisema. "Moyo uko njiani, unakuja kwa miguu."