Mtama Ndani ya Chupa za Jam

Soko la Isiolo lilijaa mpaka watu na mbuzi wanasukumana. Kajuju, gauni la kijani, viatu vyeupe vishaingia vumbi, alisimama mbele ya Etabo, muuza chupa kuukuu.

"Nataka za jam zote. Zenye vifuniko."

"Zote? Mrembo, unapikia jeshi?"

"Nalea mtama."

"Mtama hulelewa shambani, Mmeru wewe!"

"Njoo uone, Mturkana wewe."

Kajuju alikuwa mtafiti wa mimea, na chupa za maabara wakubwa wake hawakuleta. Gari jipya la mkubwa lakini lilifika, tena upesi.

Etabo akambebea mzigo hadi maabara. Ndani ya chupa moja huko akaona kipande cha jani la mtama, kidogo kama ukucha, kimelala juu ya jeli.

"Hii itaota?"

"Tumeitia jeni ya kushinda viwavi. Kuingia, imeingia. Kazi ni kulibembeleza jani liwe mmea mzima. Mengi hufa yakiwa madonge tu."

"Sasa jani linajuaje kutoa mizizi?"

"Hilo ndilo linaninyima usingizi."

Kuanzia hapo Etabo akawa na maswali ya kila jioni.

"Wameamka?"

"Bado, mpenzi. Wewe umekula?"

"Nitakulaje na watoto wako wamelala?"

Mapenzi yakaota kabla ya mtama.

Kisha wakubwa wakatoa amri: wageni wanaofadhili kazi wakija wakakosa kuona chipukizi, chumba kinafungwa, Kajuju anahamishiwa Nairobi. Wiki hiyo hiyo madonge yakaanza kutoa nukta za kijani. Na wiki hiyo hiyo stima ikakatwa.

Kajuju akakimbilia ofisini kuomba mafuta ya jenereta, akamwacha Etabo alinde. Joto likapanda, chupa zikatoka jasho. Kwao, mwanambuzi hufunikwa kwa kikapu, na jua likiwaka kikapu huinuliwa asife. Etabo akawaonea huruma watoto wa chupani. Akalegeza vifuniko vyote.

Baada ya siku chache ukungu ulikuwa umejaa, mweupe kama pamba.

"Ulifungua?"

"Walikuwa wanakosa hewa, Kaju."

"Hewa ndiyo ina ukungu! Toka! Toka nisikuone!"

Etabo alipiga simu, Kajuju hakushika. Lakini afadhali yeye: upande wa pili bado kulikuwa na mtu; Kajuju alibaki na ukungu tu.

Wageni wakaja. Mbae, mlinzi wa maabara, akampigia Etabo kwa sauti ya chini: "Kuja haraka. Huyu msichana anasema ni yeye alifungua."

Etabo akaingia mkutanoni na vumbi lake. "Anadanganya. Ni mimi."

Mkubwa, tai nyekundu shingoni, akatazama saa yake. Stima ilikatwa kwa nini, hakuuliza. Hao hawaulizagi. Chumba kikafungwa.

Nje, Kajuju akamsukuma kifuani.

"Nani alikutuma? Nilikuwa nimemaliza!"

"Na wewe ulidanganya kwa nini?"

"Wangekushtaki, mjinga wewe!" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa gauni. "Nairobi siendi. Nimepata chumba kingine huko Meru. Naanza upya, na majani mapya."

"Meru si mbali."

"Sijasema ni mbali."

"Basi kesho nakuja kwenu, nimwone mama yako."

"Wewe peke yako? Utafukuzwa na mbwa." Akamshika mkono, hakuuachilia. "Leta wazee, Etabo. Na wasikuje mikono mitupu."