Ngozi Mpya ya Bunduki ya Upepo

Jumatatu, saa nne asubuhi. Kangle.

Mpango ulipangwa nyuma ya karakana ya suruali, vyerehani vikifunika maneno. Walikuwa watatu. Nelly, mfanyabiashara wa mikoba, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Elisante alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, aliyekuja Uchina kwa ufadhili akanogewa na njia za mkato. Na Ussi, Mzanzibari, hakuwa na cheo chochote. Alikuwa amechoka tu.

"Kazi ndogo," Nelly alisema. "Laoban, bosi wa kiwanda kimoja cha mikoba Shiling, ana bunduki ofisini, kwenye kabati la kioo."

"Bunduki? Mie bunduki siitaki, dada."

"Ya upepo, kaka," Elisante akadakia. Alipenda kusomesha watu, hata wasiomwomba. "Ya Austria, ina miaka mia mbili. Haina baruti wala moshi. Kitako chake ni mtungi wa chuma, unaujaza upepo kwa pampu mpaka mikono iishe nguvu. Halafu unapiga risasi ishirini mfululizo. Jeshi liliiacha kwa sababu mitungi ilivuja. Sasa matajiri wanaitafuta kama wehu."

"Tukikamatwa nayo je?"

"Kitu cha kale unaweza kujitetea kwamba ni pambo. Ingekuwa silaha mpya, hapa ungekwisha."

"Na laoban hawezi kwenda polisi," Nelly alimalizia. "Atawaambia aliificha kwa kibali gani?"

Ussi aliutazama mkoba wa Nelly. Pasipoti yake ilikuwa humo. Viza ilikwisha zamani, na Nelly alikuwa ameahidi kumtafutia kibali cha kutoka. Mama yake alikuwa kitandani Makunduchi, amepooza, akimwulizia kila alipopiga simu. Ussi alitaka kumkuta hai. Basi.

"Tukimaliza naondoka?"

"Tukimaliza nakupa pasipoti na tiketi. Nimewahi kukudanganya?"

Alikuwa amemdanganya mara nyingi. Ussi akaitikia hivyo hivyo.

Jumatano, saa sita na nusu mchana. Shiling.

Saa hiyo kiwanda kizima kilikuwa kimelala. Huko usingizi wa mchana hauna mzaha. Taa zilizimwa, mafundi wakainamia meza zao, laoban akajinyoosha kwenye kochi la chumba cha pili. Nelly, mteja wa miaka, akaingia na gunia la mikoba ya sampuli kama kawaida yake, wenzake wakiwa wabebaji.

Ofisini Elisante alichokonoa kufuli la kabati kwa waya, akaifungua bunduki vipande vitatu. Jasho lilimtoka puani. Ussi akapokea mtutu, kisha mtambo wa kufyatulia, kisha kitako, akavisokomeza katikati ya mikoba.

Fundi mmoja aliinua uso. Akawaona wateja na gunia lao. Akalala tena.

Garini hakuna aliyefurahi. Nelly alisinzia kabla hawajafika barabara kuu.

Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kangle.

Nelly alikwenda kumpokea mnunuzi, mzee mmoja wa Hong Kong. Elisante alikwenda chuoni. Ussi aliachwa na bunduki.

Sasa, Ussi alikuwa akila kwa kazi moja: kununua mikoba iliyokataliwa, kuifufua, na kuiuza kama mpya. Akakitazama kitako. Ngozi iliyofunika mtungi ilikuwa nyeusi, imepasuka, na kiraka juu. Shaba imeota kutu ya kijani. Hivi ndivyo mali ya mtu inavyopelekwa sokoni? Mnunuzi yeyote huanza na kasoro, na kasoro moja ingetosha kumchelewesha kwa mama yake.

Akaibandua ngozi ile, akaitupa kwenye mabaki ya karakana. Akakata ngozi nzuri ya Shiling, akaishona kwa mkono, polepole, kwa mapenzi. Akaisugua shaba mpaka akajiona uso.

Elisante alirudi, akasimama mlangoni. Akaona. Akaitafuta ngozi ya zamani sakafuni kwa macho, hakuiona.

"Vipi?" Ussi aliuliza, akitabasamu.

"Nimekumbuka nina mtihani," Elisante alisema, akaondoka mbio.

Saa nane mchana.

Mzee wa Hong Kong alivaa glavu nyeupe, akafunua kitambaa. Akakigeuza kitako mara mbili. Kisha akauliza, na Nelly akatafsiri kwa sauti iliyokauka:

"Ngozi yake iko wapi?"

"Si hiyo hapo? Ng'ombe mtupu, si plastiki. Ile kuukuu niliitupa, mkokoteni wa taka ushapita."

Mzee akavua glavu. "Bu yao," alisema. Siitaki. Neno la kila soko la mji ule.

Nelly hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Ussi.

"Nisubiri hapa. Naleta teksi. Pasipoti nitakupa njiani."

Aliondoka na mkoba wake. Ussi alijua hatarudi. Lakini bila pasipoti angekwenda wapi? Akakaa kwenye kiti cha fundi, bunduki mezani mbele yake.

Polisi walikuja moja kwa moja, bila kuuliza mlango, kama watu walioelekezwa.

"Ya zamani!" Ussi aliwalilia kwa Kichina chake cha sokoni. "Miaka mia mbili! Pambo!"

Ofisa akapitisha kidole kwenye mshono. Akainusa ngozi. Akaitazama shaba iking'aa, akamcheka.

"Xin de," alisema. Mpya.

Ussi alilijua neno hilo. Kwa miaka minne alikuwa akiwaapia wateja kwalo. Akanyoosha mikono wamfunge pingu, akauliza kama angeweza kupiga simu nyumbani.