Mdakaji Aliyeinama

Bi Lundquist, jirani wa nyumba walikopanga wachezaji, anaapa mpaka leo kwamba jua ndilo lililompiga Verna machoni. Jua gani? Jumamosi ile Indiana nzima ilikuwa chini ya wingu tangu asubuhi.

Mambo yalianzia katikati ya uwanja. Verna, mdakaji, alisimamisha mchezo akamwendea mrushaji wake, Ardis, msichana mgeni kwenye ligi yao ya besiboli ya wanawake.

"Mbona unarusha kama umelala?" Verna aliuliza, mdomo kaufunika kwa glavu.

"Dada, yule mwamuzi, Floyd, kanivisha pete jana. Nimeificha kwenye mkufu. Ila kuna neno linanikera. Eti kuna mchezaji kamganda kama kupe, naye Floyd kaenda kumchongea huyo mchezaji kwa matroni ili afukuzwe."

Asubuhi matroni, mlezi wa wachezaji, alikuwa amempa Verna neno moja tu: amtaje mwanamume aliyechongewa kuwa alikuwa naye garini, au baada ya mechi afungashe, na ligi asiikanyage tena. Angemtajaje Floyd, mchumba wake wa miaka miwili? Mwamuzi akitembea na mchezaji, kazi hana.

"Kupe ni mimi," alisema.

Ardis akatoa macho. "Wewe?"

"Mmemaliza umbea, akina dada?" Floyd alipaza sauti kule nyuma. "Hapa sio saluni!"

Wakatazamana.

"Nirushie wa kasi," Verna alisema. "Usawa wa macho yangu."

"Utaudaka?"

"Nitainama."

Akarudi, akachuchumaa mbele ya Floyd. Mpira ukaja unavuma. Verna akainama kama anayetafuta hereni, na mpira ukamkuta Floyd begani, pale ngao yake ya kifua ilipoishia. Akaporomoka kama gunia.

Matroni akaja mbio na sanduku la dawa. "Verna! Umefanya nini?"

"Ulitaka jina, matroni. Ndiye huyo. Aliyekuletea umbea ndiye mwenye gari. Na muulize Ardis shingoni ana nini."

Ardis alikwisha kuukata mkufu. Akaidondosha pete kifuani kwa Floyd, jukwaa zima likitazama. "Shika. Kamvishe kupe wako."

Floyd akainua kichwa, vumbi mdomoni, akashika pindo la sketi ya Verna.

"Verna, mpenzi, waambie unatania. Watanifukuza! Sema tu unatania, Jumatatu nakuoa. Verna?"

Verna akachomoa sketi yake, akashusha kinyago cha waya usoni, akachuchumaa mahali pake na kumwelekezea Ardis glavu yake wazi, tayari kwa mpira mwingine.