Wimbo wa Mabaragumu Saba

Zama zile misafara ya pwani ilipoanza kuzizoea njia za magharibi ya ziwa kuu, mfalme wa Bukarara alijulikana kwa mabaragumu yake saba. Yalikuwa ya vibuyu virefu vilivyovikwa ngozi ya mbega, na kila moja lilitoa sauti moja tu. Mpulizaji alimsikiliza jirani yake wa kushoto, akapuliza mara jirani alipomaliza, akanyamaza. Nyamutale alilipuliza la tano kwa miaka ishirini na miwili, na kusema kweli alijiona mtu mkubwa kwa sauti ile moja.

Asubuhi ninayoisimulia hakuwa mkubwa hata kidogo. Alisimama mbele ya lango la mji wa mfalme, vazi lake la magome limechanika begani, na nyuma yake watu wapatao mia tatu: wachukuzi wa chumvi, wafugaji na ng'ombe wao, akina mama na watoto mgongoni, majeruhi juu ya machela. Jana yake Ruhaga, nduguye mfalme aliyeasi, alikuwa amelivamia soko la chumvi, ambako mabaragumu saba yalikuwa yamepelekwa kupigwa. Wapulizaji wanne waliuawa wakiwa wameyakumbatia mabaragumu yao. Nyamutale na wenzake wawili waliobaki wakayaokoa mabaragumu, marehemu wakazikwa njiani kwa haraka, na Nyamutale hakupata hata nafasi ya kuwalilia.

"Fungua, Rwakijuma!" aliita. "Ni mimi, Nyamutale!"

Mkuu wa walinzi alichungulia juu ya boma la magogo. "Nakuona, ndugu yangu. Lakini mwezi uliopita watu wa Ruhaga waliuteka mji mwingine kwa hila hiyo hiyo. Walimtanguliza mtu anayejulikana, kisu kikiwa mgongoni mwake. Nyinyi saba mmeapa heri kufa kuliko kumpulizia adui. Kwa hiyo amri ni moja: lango litafunguliwa kwa wimbo wa mabaragumu saba, basi."

"Wenzangu wanne wamekufa!"

"Pole sana," akasema Rwakijuma, na alimaanisha. "Pigeni wimbo."

Kwenye mgongo wa kilima cha mashariki vumbi lilikuwa limeshaanza kupanda. Ruhaga angefika kabla jua halijasimama utosini, na watu mia tatu wangekutwa pale pale, kati ya mikuki yake na lango lililofungwa.

Nyamutale akaugeukia umati, akauliza nani ana pumzi. Wakajitokeza wanne: Kasanda, mchukuzi wa Kinyamwezi, Sekabira, Mganda mgonga magome, Rutanga, mfugaji wa Kihima, na Hatibu, mfanyabiashara wa Pangani ambaye kanzu yake ilikuwa nyeupe siku mbili nyuma. Akawapa mabaragumu ya marehemu.

"Nipulize lini?" Hatibu akauliza.

"Akimaliza wa kushoto kwako."

"Naye anaanza lini?"

"Akimaliza wa kushoto kwake."

"Na yule wa kwanza kabisa?"

 Huyo wa kwanza, Nyamutale na wenzake walikuwa wamemzika jana.

Walijaribu hivyo hivyo. Kasanda alipuliza kwa mwendo wa msafara. Sekabira alipuliza mbili mbili, kama anavyogonga magome. Rutanga aliivuta sauti ndefu ya kuitia ng'ombe, na ng'ombe, ambao hakuna aliyewaeleza habari za lango, wakaitika na kuja kuwasukuma wapulizaji. Mpulizaji wa sita akamfokea Rutanga, Rutanga akamjibu kwa Kihima, Sekabira akadhani anayetukanwa ni yeye. Mshale ukatoka bomani, ukachoma ardhi hatua tatu kutoka mguu wa Nyamutale.

"Huo si wimbo!" Rwakijuma akapaza sauti. "Rudini nyuma!"

Nyamutale alichanganyikiwa kabisa. Alitaka kuwaimbia wageni wale wimbo mzima wapate kujifunza, lakini kinywani mwake ilitoka sauti yake moja, kimya, kisha sauti ile ile moja. Miaka ishirini na miwili, na wimbo hakuwa nao! Aliona aibu, akaona na hofu.

"Mpangilio huo siyo," mwanamke mmoja akasema. "Wa pili ndiye anayerudia."

Alikuwa Kabonesa, mfinyanzi, udongo ungali umemkauka mikononi. "Kila sikukuu nauza vyungu pale uwanjani kwa mfalme," akasema. "Nyinyi mnapuliza, sisi tunasikia. Nikikanda udongo, wimbo ninao mdomoni kutwa nzima." Akauimba, mwanzo hadi mwisho.

Wapulizaji wawili wa zamani wakatazamana. "Ndio wenyewe?" mmoja akanong'ona.

"Nadhani," mwenzake akajibu. "Wewe waonaje?"

Hapakuwa na wakati wa kuona. Kabonesa akawapanga mstari, akaokota ufito. "Msimtazame wa kushoto. Nikikugusa, puliza. Na wewe baba wa ng'ombe, fupi!" Kasanda hakuweza kupuliza amesimama, ikabidi aruhusiwe kutembea papo hapo, na baada ya kitambo wenzake wote walikuwa wakikanyaga ardhi naye. Sekabira, mwenye baragumu la tatu, alibaki na mbili zake, kwani hazikutoka hata alipochapwa bega. Watu nyuma wakaanza kupiga makofi. Mara kutoka ndani ya boma sauti za wanawake wasioonekana zikaudaka wimbo, zikapanda nao, na vigelegele juu.

Rwakijuma alitazama ndani, akatazama nje. "Ni wenyewe," akasema. "Au siyo? Ni wenyewe!" Magogo yakaondolewa.

Ng'ombe walikuwa wa mwisho kuingia. Ruhaga alikuta lango limefungwa, akaketi nje siku kumi na mbili, akaishiwa chakula, akaondoka.

Ndipo mfalme alipowaita barazani. "Nyamutale," akasema, "wimbo ule ulikuwa na vishindo vya miguu, na baragumu la tatu linagonga mara mbili. Je, ndio wimbo wa baba yangu?"

Mawaziri wakagawanyika. Hawa wakaapa ndio, wale wakaapa siyo, na watu wa Bukarara hawajapatana mpaka leo.

"Mtukufu, sijui," Nyamutale akajibu. "Sijapata kuusikia. Siku zote nilikuwa ndani yake."

Mfalme naye hakujua aamue nini, akaamuru upigwe tena na watu wale wale. Nyamutale akaomba ruhusa. Akampa Kabonesa baragumu la tano, akatoka, akaenda kusimama uwanjani katikati ya watu.

Wakapuliza. Alisikia mahali pa kila mwenzake aliyekufa, na kila mahali palikuwa na pumzi ya mtu. Machozi yakamtoka asiyafute. Mwanamke aliyesimama karibu yake, mwenye kikapu cha ndizi kichwani, akamuuliza, "Baba, wewe ni mwenye kazi. Ndio wenyewe huu?"

"Ninyamazie kidogo, mwanangu," akasema. "Nasikiliza."