Fidélie Achagua Osiloskopu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fidélie alikuwa na kazi zake. Alijaza bidoni za maji kwa jirani, maana maji ya mtaa wao wa Kikula, mjini Likasi, hayana adabu, huja yanapotaka yenyewe. Alifagia ua, akachemsha chai, kisha akamkalisha mdogo wake Chérie kwenye kigoda ili amsuke nywele. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomchosha kuliko zote, kwa sababu siku hizo Chérie hakutulia hata kidogo. Alikuwa amechaguliwa kuimba zaburi peke yake katika misa ya komunyo yake ya kwanza, na tangu hapo nyumba nzima haikupumzika.

"Tulia basi! Shingo yako si antena," Fidélie alimwambia.

Chérie alitulia kidogo tu, kisha akamwita dada yake mkubwa: "Yaya, amplifaya ya kwaya itapona kabla ya Jumapili ile?"

"Itapona."

"Kweli kabisa? Maana ikinguruma vile, watu hawatanisikia. Bibi atatoka Kambove kwa ajili yangu."

"Nimesema itapona!" Fidélie alijibu kwa ukali, kisha akaona vibaya. Kusema kweli, hata yeye hakuwa na hakika.

Amplifaya yenyewe, mashine ya kukuza sauti ya waimbaji, ilikuwa kuukuu. Ukiiwasha tu, inaanza mmmmm, na mngurumo huo unameza maneno ya mwimbaji. Papa Nicolas, kiongozi wa kwaya, aliikabidhi kwa klabu ya elektroniki ya vijana wa parokia, naye Fidélie alikuwa mmoja wao. Klabu hiyo iliongozwa na Madame Carine, mwalimu wa fizikia, mama mrefu mwenye miwani ambayo kila mara ilikuwa juu ya kichwa na mwenyewe akiitafuta. Madame Carine aliwaambia vijana wazi kwamba wanapapasa tu. Walihitaji osiloskopu, chombo chenye kioo kidogo kinachochora umeme kama mstari, ili waone mngurumo unaanzia wapi.

Klabu ilikuwa na akiba kidogo iliyotokana na kutengeneza redio za watu. Isingetosha kununua chombo cha maabara, ila ingetosha chombo cha wanaoanza. Madame Carine alieleza ubaoni mambo ya kuangalia: idadi ya megahertz, yaani wepesi wa mitetemo ambayo chombo kinaweza kuifuata, idadi ya waya za kupimia, na umeme wa kukiendesha chombo chenyewe.

"Mmeelewa?" aliuliza.

Vichwa vyote vikaitika. Kichwa cha Fidélie kiliitika kabla ya vingine, ingawa megahertz zilimpita juu kama ndege.

"Nani basi atatuchagulia?"

"Fidélie!" alipaza sauti Éphraïm, rafiki yake wa darasa moja. "Baba yake iko fundi wa courant ya umeme kiwandani. Yeye anajua yote."

Jamani, sifa ni tamu. Fidélie alijua kubadilisha fyuzi na kuunga waya wa redio, basi. Lakini wenzake walipompigia makofi, hakupata nguvu ya kusema hapana.

Jumamosi, Madame Carine alikuwa na mkutano wa wazazi, kwa hiyo aliwatuma Fidélie na Éphraïm sokoni kwa Papa Kabamba, muuza redio, chaja na vifaa vya mitumba. Juu ya meza yake palikuwa na osiloskopu mbili. Moja ilikuwa ya zamani, kubwa kama sanduku la nguo, yenye vitufe vingi sana. Nyingine ilikuwa mpya na ndogo, inaenea mkononi, na ilitumia betri.

Éphraïm alikumbatia ile kubwa papo hapo. "Hii ndiyo machine! Ile ya kidogo iko jouet ya batoto, ya kuchezea tu."

"Kubwa inataka umeme wa ukutani," alisema Fidélie. "Umeme ukikatika, nayo inalala. Hii ndogo ina betri. Na tunapima sauti tu, si mambo ya angani."

Alisema hivyo bila kujikaza, na kwa kweli alikuwa amefikiri vizuri. Ila Éphraïm alicheka puu, na kicheko hicho kikamkaa moyoni.

Kwa Papa Kabamba kulikuwa na desturi moja isiyobadilika. Kitu hupimwa mbele ya mnunuzi. Mnunuzi anatazama, akiona ni kizuri anasema "sawa" kwa sauti, majirani wa meza wanasikia, na tangu hapo kitu hakirudi.

"Minye ninauza tu, mambo ya ndani ni yenu," alisema Papa Kabamba. Aliwasha ile ndogo aliyoichagua Fidélie, akachomeka sonda, yaani waya wa kupimia, akainasa ncha yake kwenye kijichuma cha majaribio kilicho pembeni ya chombo. Mstari ukatokea kwenye kioo, ukipanda na kushuka. "Angalia vizuri, mwanangu. Ni sawa?"

Fidélie aliangalia. Mstari ulipanda, lakini haukupanda wima. Pale juu ulijipinda taratibu, kama bega la mtu aliyechoka. Ndivyo unavyotakiwa? Hakujua. Angeweza kuuliza. Angeweza kusema, "Papa, ngoja nimpigie simu Madame." Lakini Éphraïm alikuwa amesimama karibu naye akisubiri kumcheka tena, na mama wa meza ya pili alikuwa amenyoosha shingo.

"Sawa," alisema Fidélie.

Alasiri hiyo nyumbani alifungua karatasi ya maelezo iliyokuja ndani ya boksi. Palikuwa na picha ya mstari wa majaribio, na pembe zake zilikuwa kali kama pembe za tofali. Akawasha chombo, akanasa sonda kwenye kile kijichuma. Mabega yale yale! Akazima, akawasha tena. Mabega hayakuondoka.

Amenunua kibovu! Akiba yote ya klabu, kazi ya wenzake wote, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema "sawa" mbele ya soko zima. Na Éphraïm je? Si atasema, "Nilikuambia ni jouet"? Alikirudisha chombo ndani ya boksi, akasukuma boksi chini ya kitanda, nyuma ya viatu vya mvua.

Jumatatu Madame Carine alimuuliza, "Mgeni wetu yuko wapi?"

"Betri bado haijajaa, Madame. Kwetu umeme umekatika."

Uongo huo uliingia kiulaini, maana nani Likasi atashangaa kusikia umeme umekatika? Madame Carine alitikisa kichwa kwa huruma. Huruma hiyo ilimuuma Fidélie kuliko fimbo. Jumanne alisema umeme ulirudi kidogo ukaondoka tena. Jumatano alipita nyuma ya darasa ili asikutane na mtu. Mama Berthe, mama yake, alimwekea bukari na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, chakula anachokipenda, naye akawa anakifinyanga tu.

"Unaumwa?" mama alimuuliza.

"Hapana, mama."

"Basi kuna jambo."

"Hakuna, mama." Na huo ukawa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Alhamisi, Éphraïm alichoka kungoja. Jumapili ilikuwa inakaribia na amplifaya ilikuwa imelala mezani. Akaamua kubahatisha. Alibadilisha kipande kimoja, akakiunga kwa chuma cha kulehemu, akawasha. Palitokea harufu kali, kisha moshi mwembamba. Amplifaya haikunguruma tena. Haikusema neno lolote.

Fidélie alimkuta amekaa sakafuni, macho mekundu. "Nimeiua," alisema Éphraïm. "Ningekuwa na kile chombo ningeona, lakini nilibahatisha. Papa Nicolas atatufukuza. Na Chérie wako ataimba na nini?"

Fidélie alitaka kumwambia. Badala yake akageuka. Alikimbia nyumbani bila kuaga, na alipofika alimkuta Chérie uani, ameshika mwiko kama maikrofoni, akiimbia kuku wa jirani kwa moyo wake wote. Hapo machozi yalimtoka. Alivuta boksi chini ya kitanda, akatoka nalo mbio mpaka nyumbani kwa Madame Carine.

Madame Carine alikuwa akianua nguo. "Fidélie? Kuna nini, mtoto wangu?"

"Madame, nimedanganya." Alianza, na alipoanza hakuweza kusimama. "Chombo kipo tangu Jumamosi. Betri ilijaa siku ile ile. Kibovu. Nilikiona pale sokoni hakiko vizuri nikasema sawa, kwa sababu sikujua, na niliogopa kuuliza. Sijui hata megahertz ni nini. Na Éphraïm ameunguza amplifaya kwa sababu yangu."

Madame Carine aliacha kuanua. Aliweka nguo chini, akashusha miwani kutoka kichwani, akaketi ngazini na kuwasha chombo. Fidélie alisimama mbele yake mikono nyuma. Mstari ukatokea, na mabega yake.

"Hiki ndicho unachokiita kibovu?"

"Ndiyo, Madame. Kwenye picha pembe ni kali."

Madame Carine aliishika sonda karibu na mpini wake, akamwonyesha tundu dogo. Ndani yake mlikuwa na skrubu ndogo sana, Fidélie hakuwa ameiona kamwe. "Kwenye boksi kuna kibisibisi cha plastiki. Nipe. Hapana, shika weye mwenyewe. Zungusha taratibu, macho kwenye kioo."

Fidélie alizungusha. Mabega yakaanza kunyooka. Akazungusha kidogo zaidi, na mstari ukasimama wima, pembe kali kabisa, kama kwenye picha.

"Sonda mpya inarekebishwa hivi kwenye chombo chake kabla ya kazi," alisema Madame Carine. "Chombo ni kizima. Tena umechagua vizuri. Sauti ya mtu haihitaji megahertz nyingi, na kwetu huku betri ni akili. Ungeniuliza Jumamosi, tungemaliza kabla chai haijapoa."

Fidélie alilia kwa sauti. Alikuwa amefurahi na ameaibika kwa pamoja, hakujua kilichozidi.

"Kwa kutojua sikukasirikii," Madame Carine aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa nzito. "Kwa kunidanganya nimekasirika. Kesho utawaeleza wenzako wote, kwa mdomo wako. Éphraïm anaamini kosa lote ni lake, na hiyo si haki."

Ijumaa, baada ya masomo, Fidélie alisimama mbele ya klabu na kusema yote. Alipofika kwenye "sikuelewa megahertz," alimtazama Éphraïm, akisubiri kicheko.

Éphraïm hakucheka. Alikuna kichwa. "Hata minye sikuelewa," alisema. "Nilitaka ile kubwa kwa sababu ya vitufe."

"Na mimi," alisema Jessica kutoka nyuma.

"Na mimi pia," alisema Hénoc.

Madame Carine aliwatazama mmoja mmoja. "Nani alielewa siku ile?"

Hakuna mkono uliopanda. Chumba kizima kilikuwa kimeitikia kwa kichwa, kila mtu akidhani mwenzake ndiye anayejua! Madame Carine alishika kiuno, akashindwa kujizuia, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akachukua chaki, akaeleza upya tangu mwanzo, na safari hii walimkatiza kwa maswali mpaka akaomba maji.

Kazi ilianza Jumamosi asubuhi. Madame Carine alitoa kipande kilichoungua, Éphraïm akaweka kingine kutoka redio mbovu, na amplifaya ikaamka na mngurumo wake. Fidélie alifuata sauti kwa sonda, hatua kwa hatua, Madame akimwelekeza mahali salama pa kugusa. Kwenye njia ya umeme unaolisha amplifaya, mstari ulitakiwa kulala. Haukulala. Ulikuwa na meno kama ya msumeno.

"Madame, kwa nini hapa kuna meno?"

"Swali zuri. Kipande gani kinatakiwa kuyalainisha?"

Ilikuwa kapasita, na ilikuwa imekauka. Walipoweka nyingine, meno yakatoweka na mngurumo ukakatika. Kimya kilikuwa kikubwa hata wakasikia magari ya barabarani.

Siku ya komunyo, Chérie aliimba. Sauti yake ilifika mpaka mlangoni, na bibi yake wa Kambove akafuta macho kwa pembe ya kitenge. Baada ya misa Papa Nicolas alimshika Fidélie begani mbele ya watu. "Huyu ndiye expert wetu! Anajua yote!"

Fidélie alihisi ule utamu wa sifa ukirudi. Lakini akatikisa kichwa. "Hapana, Papa. Sikujua. Niliuliza, tena nilichelewa kuuliza, na Éphraïm akaumia kwa ajili hiyo."

Madame Carine, aliyesimama karibu, aliwakusanya vijana wake pembeni.

"Sikieni," alisema. "Kutojua si kosa, kila mtu huanzia hapo, hata mimi. Kosa ni kuficha. Mtu anayeficha asichokijua huongeza uongo wa kukifunika, na mwisho anayeumia ni mwenzake. Anayeuliza huona aibu kidogo, kisha inaisha. Kuanzia leo, katika klabu yetu, nikiuliza 'mmeelewa?' sitaki vichwa. Nataka mtu anieleze. Mmeelewa?"

Vichwa vyote vikaanza kuitika, vikagutuka, vikasimama katikati.

Fidélie akainua mkono. "Mimi nitaeleza, Madame. Nikikosea, nirekebishe."