Samaki Hajambo

Fundi vioo hakuwa mtu wa maneno. Kazi ya kioo haitaki maneno. Unakipima, unakipitishia mkato mmoja, unakigonga taratibu kwa chini, tak, kinaachana. Ukibabaika kinapasuka ovyo, na kidole chako nacho kinaumia. Ndivyo alivyofanya kazi tangu ujana wake. Nyumbani pia alikuwa hivyo hivyo: anapima sana, anasema kidogo.

Karakana yake ilikuwa chini. Juu ya karakana aliishi na mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa na maneno ya watu wawili, kwa hiyo nyumba haikuwa kimya.

Lakini nyumba ilipungukiwa na mtu. Mke wa fundi, binti wa mama huyo, alikuwa mpishi katika meli ya mizigo. Alikuwa ameondoka mwaka na ushei. Kiti chake kilikuwa palepale mezani. Hakuna aliyekikalia, na hakuna aliyekitaja.

Kila Jumapili jioni simu ililia.

"Fundi, hujambo?"

"Sijambo, Mpishi. Na wewe?"

"Mzima. Nipe habari za huko."

Hapo ndipo ulimi wa fundi ulipokuwa mzito. Moyoni alitaka kusema, "Nimekukumbuka mpaka chakula hakipiti." Mdomoni yalitoka mengine.

"Huku salama tu. Leo mvua imenyesha."

Simu ilipokatika, mama mkwe alishika kiuno. "Mvua! Mtu yuko katikati ya maji, nawe unampelekea habari za mvua. Makubwa haya!"

Jumapili moja Mpishi alisema jambo jipya. "Siku nikirudi nchi kavu, nitayakumbuka maji haya. Leo bandarini nimeona samaki bapa wa buluu. Buluu yenyewe hasa! Nikasema, laiti Fundi angekuwepo amwone."

Maneno hayo yalimkaa fundi. Kumbe atayakumbuka maji! Basi maji yakiwa nyumbani, huenda hatarudi tena melini. Hakumwambia mtu wazo hilo. Alishuka karakana, akachagua vipande vya kioo kinene vilivyobaki kwenye kazi ya dirisha la duka. Akavisugua kingo, akaviunga kwa gundi ya silikoni. Likatoka tangi dogo, kama sanduku la nguo. Halikuvuja hata tone.

Akaenda mjini. Akanunua chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari, pampu ndogo, na samaki bapa wa buluu. Vyote siku hiyo hiyo. Muuzaji alimfungia samaki kwenye mfuko wa maji. Hakumuuliza anampeleka wapi.

Jumapili ilipofika, fundi ndiye aliyeanza kusema.

"Mpishi, yule samaki wako wa buluu yuko hapa sebuleni."

"Wee! Acha utani!"

"Kweli. Nimemtengenezea tangi."

Mpishi akacheka kile kicheko chake cha kukatika pumzi. Walizungumza mpaka mama mkwe akasinzia. Jumapili iliyofuata, neno la kwanza la Mpishi lilikuwa, "Samaki hajambo?" Fundi akajibu, "Hajambo." Hatimaye alikuwa amepata la kusema.

Lakini samaki hakutulia. Alikwenda kutoka kioo hiki mpaka kile, akageuka, akarudi. Mchana kutwa ilikuwa hivyo. Fundi alisimama mbele yake akiwa na chai yake, chai ikapoa.

"Ana upweke," alisema. "Anamtafuta mwenzake."

Akaenda akanunua wa pili, wa aina ile ile.

Mama mkwe naye aliwaonea huruma. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba samaki ni wa sufuria tu. Lakini fundi aliposhuka karakana, mama alisogea kwenye tangi. "Maskini, watoto wa watu mko ugenini," aliwaambia. "Aliye mbali na kwao lazima ale." Akawatupia chakula. Mchana akawatupia kingine.

Samaki wa kwanza hakumpokea mgeni hata kidogo. Alimfukuza, akampiga kwa mkia mpaka mapezi yakachanika. Maji yakaingia ukungu. Yakaanza kunuka. Siku moja asubuhi mgeni alikuwa anaelea. Kesho yake mwenyeji akamfuata.

Jumapili simu ililia. Fundi aliitazama tu. Angesema nini? Samaki ndiye aliyekuwa na habari, na samaki hayupo. Mama mkwe akaichukua.

"Fundi ametoka, mwanangu," alisema, na fundi amesimama mbele yake kama nguzo. "Samaki? Aa, samaki wamelala."

Akaiweka simu, akamgeukia mkwe wake. "Nimemdanganya mtoto wangu wa kumzaa kwa ajili ya kitoweo! Haya, kaa hapo hapo. Namwita Mama Matangi."

Mama Matangi alikuwa jirani yao wa nyumba ya pili. Alifanya kazi kwenye kituo cha kuzalisha samaki wa mapambo, ndiyo maana wakamwita hivyo. Alikuja na mfuko wa vipimo. Alichota maji kidogo, akatia matone ya dawa, akangoja rangi ibadilike. Akatikisa kichwa.

"Maji haya yana sumu."

"Sumu!" mama mkwe aliruka. "Nani katia?"

"Kinyesi cha samaki, na chakula kilichooza. Fundi, tangi jipya bado halina vijidudu vya kulisafisha. Vijidudu hivyo havionekani kwa macho. Vinakaa kwenye mawe na mchanga, na vinakula uchafu. Lazima uvipe wiki kadhaa vizaliane. Kisha upime maji. Yakiwa salama, ndipo samaki aingie."

"Mimi nilimtia siku ile ile."

"Ndiyo hivyo. Na chakula ulikuwa ukiwapa mara ngapi?"

"Mara mbili kwa siku."

Mama mkwe akatazama dari.

"Na wewe, mama?" Mama Matangi aliuliza.

"Mimi kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha mtu mwenye huruma."

Mama Matangi alicheka, kisha akakaa sawa. "Sikilizeni. Kosa kubwa ni aina ya samaki. Yule wa buluu uliyemnunua alikuwa mtoto. Akikua anapita kiganja chako na vidole vyote. Baharini anaogelea siku nzima. Ndani ya sanduku hili ni sawa na kumfungia mkimbiaji kabatini. Alipokuwa akienda na kurudi, alikuwa anatafuta nafasi."

"Nilidhani anatafuta mwenzake," fundi alisema.

"Hata! Wawili wa aina ile kwenye tangi dogo ni vita mpaka kifo." Akakitazama kile kiti kitupu mezani. Akamtazama fundi. "Upweke ulikuwa wa nani?"

Mama mkwe alijikohoza, akaenda kuinjika chai ambayo hakuna aliyeiomba.

"Basi nitalivunja," fundi alisema baadaye.

"Livunjwe kwa kosa gani? Tangi ni zuri. Wengi wetu huanza kwa kumpenda samaki, kisha tunamtafutia pa kumweka. Wewe anza na nafasi uliyo nayo. Kisha uliza, nani anaweza kuishi humu akastarehe?"

Wakaanza upya. Walimwaga maji, wakaosha kioo bila sabuni. Mama Matangi akawaletea mchanga na mawe kutoka kwenye tangi lake la zamani, tayari yana vijidudu. Walichanganya chumvi na maji kwenye ndoo na kuipima kwa kipimo chake, si kwa kuonja. Mama mkwe alikuwa ameshachovya kidole.

"Maji yakipungua kwa joto, ongezeni maji safi yasiyo na chumvi," Mama Matangi aliwaambia. "Maji ndiyo yanayokwenda. Chumvi inabaki."

Kisha wakangoja. Jioni fundi na mama mkwe walikaa mbele ya tangi lisilo na samaki. Pampu ilinong'ona. Mawe yalikaa kimya.

"Tunaangalia nini, mkwe?"

"Maji, mama."

"Haya."

Baada ya muda mama akasema, "Huyu mtoto alipokuwa mdogo alipika kwa udongo, akanilazimisha nile." Fundi akageuka kumsikiliza. Alikuwa hajawahi kusikia hadithi hiyo. Mama akaongeza nyingine. Usiku huo waliongea habari za Mpishi zaidi kuliko walivyowahi kuongea tangu aondoke.

Jumapili fundi aliipokea simu mwenyewe. "Mpishi, samaki walikufa."

"Nilijua. Mama hajui kudanganya, sauti yake inapanda."

"Tunatayarisha maji upya."

"Haya. Yatayarisheni."

Mawimbi yalisikika upande wa pili. Fundi alifungua mdomo. Akaufunga. Simu ikakatika.

Wiki zikapita. Mama Matangi alipima maji, akapima tena, akasema sasa yako salama. Akawachukua wote wawili mpaka kituoni kwake. Matangi yalikuwa yamepangwa ukutani toka mlangoni hadi mwisho. Macho ya fundi yalikimbilia kwa samaki wa buluu.

Mama Matangi alisimama mbele yake. "Huyo macho yako yanamtaka. Tangi lako halimtaki."

"Na huyu mwenye marembo kama kitambaa?" mama mkwe aliuliza.

"Mzuri, lakini hula wadudu wadogo wa baharini walio hai tu. Kwenu atakufa njaa, na chakula kimemzunguka. Wale wadogo pale msiwaonee huruma, ni wakorofi. Watawapiga wenzao." Akawapeleka kwenye tangi la pembeni. "Njooni muwaone hawa."

Walikuwa samaki wadogo wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe.

"Hawa wamezaliwa hapa hapa kituoni. Wamezoea tangi, wamezoea chakula cha dukani. Hawakui sana. Ni wavumilivu, wanamfaa anayejifunza."

"Wawili hawatauana?" fundi aliuliza kwa hofu.

"Chukua wawili wachanga waliolelewa pamoja, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Yule mkubwa atakuwa jike, naye ndiye atakayetawala. Dume litamfuata."

"Kama nyumbani kwetu!" mama mkwe alisema. "Funga, tunaondoka nao."

"Subiri, mama. Usinunue samaki hujamwona akila." Mama Matangi akadondosha chakula. Wale wawili wakakirukia. "Tazama macho, yawe maangavu. Tazama anavyopumua, asiwe anahema. Mwilini asiwe na vidoa vyeupe kama chumvi. Mapezi yawe mazima."

Fundi alitazama kama anavyotazama kioo kabla ya kukata. Akaridhika.

Nyumbani waliuacha mfuko uelee juu ya maji kwanza ili joto lilingane. Kisha wakaongeza maji ya tangi kidogo kidogo ndani ya mfuko, ndipo wakawahamisha samaki kwa wavu. Samaki walizunguka mawe, wakachagua pembe, wakatulia hapo. Hawakukimbia huku na huku. Baada ya wiki kadhaa maji yalipimwa tena, wakamwongeza samaki mmoja mdogo mpole, mwenye tabia ya kukaa juu ya jiwe na kuchungulia.

"Watatu basi," Mama Matangi alisema. "Tangi limejaa."

Fundi alipewa kazi ya kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Mama mkwe alipewa kijiko kidogo cha dawa, na amri: chakula kinachoisha upesi tu, basi. Mwanzoni alilalamika. Baadaye akawa mkali kuliko mwalimu.

Siku moja mchana mlango uligongwa. Mpishi aliingia na begi begani, amekonda kidogo, amekuwa mweusi kwa jua. Mama yake alipiga kigelegele, akalia, akakimbilia jikoni. Mpishi alisimama mbele ya tangi.

"Ndio hawa?"

"Ndio hao."

"Na yule wa buluu?"

"Yule anahitaji maji mapana. Humu angeumia."

Mpishi akalishusha begi. Kisha akasema polepole, "Nahodha ananitaka niongeze mwaka mwingine. Nimemwambia nitamjibu nikifika nyumbani."

Fundi aliwatazama samaki. Jike lilipita mbele, dume likafuata.

"Samaki..." alianza.

Mfuniko wa sufuria uligonga jikoni. "Mkwe! Ukimwambia habari za samaki, nakuja na mwiko!"

Fundi akavuta pumzi. Safari hii hakupima.

"Nimekukumbuka, Mpishi. Kila siku. Kwenye simu ulimi ulikuwa haunyanyuki. Tangi hili nililitengeneza ili usirudi tena baharini. Lakini kama na wewe unahitaji maji mapana, nenda. Nitakungoja."

Machozi yalimtoka Mpishi. Aliyafuta kwa mkono wa shati.

"Nilisema nitayakumbuka maji. Sikusema nayapenda kuliko nyumbani kwangu. Kila nikipiga unaniambia samaki hajambo. Nikajua mmeshazoea mimi kutokuwepo."

"Tuzoee wapi!" mama yake aliitikia kutoka jikoni.

Mpishi akakivuta kile kiti chake mezani, akakiweka mbele ya tangi, akakaa. "Basi nahodha atafute mpishi mwingine. Nipeni chakula niwalishe."

"Hapana!" fundi na mama mkwe walisema kwa pamoja. "Wameshakula!"

Jumapili jioni simu haikulia. Hakuna aliyekuwa akiingoja.