Kiti cha Nne

Haya alinihadithia Mama Redio, majira ya mvua za mwaka jana, tukiwa kwenye benchi la daktari wa macho na foleni haisogei. Mama Redio ni jina la kupewa, kwani akishawaka hazimiki. Lakini siku ile alisema polepole. Mengine aliyaona mwenyewe, mengine aliambiwa na wenyewe, na yaliyobaki, alisema, ukuta wa jirani ni mwembamba.

Chini ya jengo analokaa Mama Redio palikuwa hapapitiki asubuhi moja. Wauza vitambaa wanaita wateja, kinyozi amewasha mashine, watu wamejipanga mbele ya lifti moja kongwe inayohudumia ghorofa zote. Mlango ulipofunguka, mshonaji mmoja wa mapazia alijipenyeza na bunda lake kubwa kuliko yeye. Alivaa gauni la kijani, na kola ya gauni imejaa pini kama mgongo wa nungunungu. Lifti ikapanda, ikakohoa, ikasimama katikati ya ghorofa mbili. Taa ikazimika.

Basi! Kila mtu akapata sauti. "Tunakufa!" "Nani kanikanyaga?" "Fungueni, mimi nina presha!"

Mshonaji akakumbatia bunda lake, kimya.

"Wapendwa abiria," sauti ya fundi wa lifti ikashuka kutoka juu, "msigombanie hewa, ipo ya kutosha. Nawatoa mmoja mmoja, wenye presha mbele."

Ghafla wote wakawa na presha. Fundi akawavuta, mpaka akabaki yule wa mapazia, kwani bunda lilikataa kupita. Fundi akachungulia. Alikuwa na ovaroli ya buluu, grisi shavuni, na bisibisi nyuma ya sikio kama penseli ya seremala.

"Na wewe mbona hukupiga kelele?"

"Ningepiga ungefika mapema?"

"Hapana."

"Basi nilikuokolea masikio yako."

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikaanguka. Akalibeba bunda mwenyewe hadi juu kabisa, akihema, na njiani tayari alishambatiza jina: Pini.

Huko juu Pini aliishi na shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa na meno ya maziwa. Shangazi alikuwa mwalimu mkuu enzi zake. Sasa miguu ilimkatalia, na kwa kuwa lifti ile ilikuwa leo nzima kesho mbovu, hakuthubutu tena kushuka. Dunia yake ilikuwa vyumba viwili, dirisha moja, na meza ya karata. Mchezo wake ni briji. Briji haichezwi na watatu. Ni wanne, wawili dhidi ya wawili, na mwenzako anakaa ng'ambo ya meza mkitazamana. Kwanza kila mmoja hutaja aina ya karata anayotaka iwe turufu, na mizunguko mingapi anadhani yeye na mwenzake wataweza kula. Asiye na la kutaja husema, "Napita." Zaidi ya hapo hakuna neno wala kikohozi. Mume wa shangazi alikuwa wa kiti cha nne. Alipofariki, kiti kilibaki kitupu, na siku moja shangazi alimwambia Pini, "Kaa hapo." Pini akakaa. Hakuulizwa kama anapenda.

"Shikamoo, shangazi," fundi alisema mlangoni, bunda mabegani.

"Marahaba. Unajua karata?"

"Briji kidogo. Nilifundishwa na wazee wa chumba cha mitambo."

Shangazi alimwangalia kama mwenye njaa anavyoangalia sahani. Mpima ardhi mstaafu aliyekuwa wa tatu wao, aliyeitwa Mzee Tai maana hakutoka nyumbani bila tai, alikuwa amemleta mpwa wake asiyetofautisha kopa na uru. Tangu siku hiyo mpwa akapumzishwa. Kila Alhamisi, fundi akimaliza kuitia lifti mafuta, alipanda kucheza. Shangazi na Mzee Tai upande mmoja, fundi na Pini upande mwingine.

"Lifti hii," Mama Redio aliwaambia majirani, "inaumwa Alhamisi tu. Muulizeni daktari wake."

Pini hakuwa hodari. Alisahau ipi ni turufu, alikula mzunguko wa mwenzake, alihesabu kwa vidole chini ya meza. Lakini mwenzake alipotaja akashinda, na yeye akalaza karata zake wazi mezani ili fundi azicheze zote peke yake, alipata nafasi ya kumtazama. Ndiyo sheria: aliyelaza karata hafungui mdomo. Aliijua sheria hiyo kabla hajaijua briji. Ndani ya nyumba ile ndivyo alivyoishi.

Fundi alimfundisha kwa simu, akiwa juu ya lifti za watu.

"Pini wangu, nikitaja pau mbili?"

"Una pau nyingi."

"Yallah! Hapana, kipenzi. Pau mbili ni kengele. Ni kusema nimeshika mkono mzito mno, usiniache hapa. Wewe usipite kamwe."

"Hata kama sina kitu?"

"Hasa kama huna kitu. Unasema uru mbili. Maana yake, sina kitu ila nipo, endelea."

"Mbona unaongea kama uko kisimani?"

"Niko kwenye shimo la lifti."

"Toka huko, nisije nikafiwa kabla sijaolewa!"

Wote wawili walilisikia lile neno. Wote wakajifanya hawakulisikia.

Ikaja Alhamisi moja fundi akafika bila ovaroli. Shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu vinang'aa, nywele zimenyolewa na kinyozi wa chini. Pini alimfungulia.

"Wananihamisha," fundi alinong'ona. "Majengo mapya, mji mwingine. Naondoka wiki ijayo. Mchezo ukiisha nitazungumza na shangazi juu yetu. Twende wote, Pini."

"Na yeye?"

"Karata zinapoa!" shangazi aliita toka ndani. Alipomwona fundi akaguna. "Leo umevaa kama bwana harusi wa kukodi."

Wakakaa. Karata zikagawanywa. Pini hakuziona. Aliona miguu ya shangazi chini ya meza, imefungwa shali, imetulia kama vitu vya mtu mwingine. Aliona dirisha. Aliona kiti chake kikiwa kitupu na vile viwili vya wazee vimegeukiana.

"Pau mbili," fundi alisema, macho yake yote kwa Pini.

"Napita," akasema Mzee Tai.

Pini akatazama karata zake. Hakuwa na ree, hakuwa na mfalme, na pau alikuwa nazo mbili tu, ndogo kama ukucha. Mdomo ukajisemea, kama ulivyozoea.

"Napita."

"Napita!" shangazi alidakia upesi kabla mtu hajajirudi.

Pini akalaza karata zake. Fundi akazitazama, kisha akateremsha macho kwenye zake, ree zote nne, wafalme watatu, mkono wa ndoto, na pau, ambazo sasa ndizo turufu, zimejaa kwa maadui. Wakamla mzunguko baada ya mzunguko. Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ameachwa kwenye mataa! Mtu kashika ree nne, mwenzake anamtupa! Mzee Tai, umewahi kuona?"

"Sijaona," alisema Mzee Tai, akirekebisha tai. Hakucheka.

Fundi akasimama. "Nimeelewa," alisema. Akaaga kwa adabu, akatoka na viatu vyake vinavyong'aa. Pini hakuweza hata kumwita, karata zake bado zilikuwa zimelazwa.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake.

"Nilisahau!" alisema mara ilipopokelewa. "Haki ya Mungu nilisahau."

"Hukusahau, Pini. Nilikuona. Ulimtazama shangazi yako, ukapita."

"Sasa nifanyeje? Nimwache na nani? Sina ruhusa, sina akiba, sina hata jibu."

"Sikukuomba uwe na kitu. Nilitaka unijibu tu."

"Mpenzi..."

Simu ikakatika. Alikaa na mkasi mkononi, pazia la mteja mapajani, akalikata vibaya katikati.

Jioni shangazi alikuwa akipanga karata zile zile mezani, amfundishe kosa lake. "Haya, sema. Kwa nini ulipita?"

"Niliogopa."

"Mezani hakuna woga, kuna hesabu."

"Shangazi, alikuja kuniposa."

Karata zikasimama mkononi. "Najua," alisema shangazi. "Kiatu kile hakikung'arishwa kwa ajili ya briji."

"Ulijua, ukacheka?"

"Nilicheka kwa sababu ulibaki."

Hapo Mama Redio, kwa upande wake wa ukuta, alizima redio kabisa.

"Nani atakaa pale?" shangazi aliuliza, akionyesha kiti kwa kidevu. Sauti ilikuwa ya mwalimu mkuu, lakini alianza kuzikusanya karata alizokwisha kupanga.

Kila mara shangazi alipouliza hivyo, Pini alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa yeye mwenyewe.

"Sijui, shangazi."

"Hujui?"

"Safari hii sijui. Lakini mimi naenda."

Shangazi akageuzia uso dirishani. "Nenda. Nimeshaachwa na miguu, sembuse wewe."

Lilimchoma, lakini halikumrudisha.

Asubuhi ya fundi kukabidhi funguo, chini pamefurika kama kawaida. Pini akaingia kwenye lifti, gauni la kijani, pini kolani, nyuma yake watu wanasukumana. Akabonyeza kengele ya dharura na kidole akakiacha hapo hapo.

"Nani amekwama tena?" sauti ya fundi ilitoka mlango wa mitambo.

"Mimi!"

Fundi akaja anakimbia. Lifti ilikuwa chini, mlango wazi.

"Pini, mbona hujakwama?"

"Nimekwama tangu utotoni. Nisikilize. Shangazi hajaridhia. Sina kitu mkononi. Ila nipo, na sipiti. Endelea."

Fundi alijifuta grisi kwenye ovaroli, ikazidi kuenea. "Nataka kwa mdomo wako, si kwa karata."

"Nioe."

"Muoe bwana," mzee mmoja wa nyuma alifoka, "wengine tunawahi kwa wakili!"

"Namwoa!" fundi alisema. Kidole cha Pini kilitoka kwenye kengele, jengo zima likasikia kimya.

Walioana kimyakimya wakahamia mji ule mwingine. Shangazi hakushuka kuwaaga, ingawa lifti siku hiyo ilikuwa nzima. Alimtuma Mzee Tai na boksi moja la karata.

Pini hakuwa huru upesi kama alivyodhani. Kila Alhamisi, saa ile ya karata, mikono yake ilitafuta kitu cha kushika. Alipiga simu, shangazi hakupokea. Alhamisi iliyofuata akapiga tena.

Mpaka siku moja mchana ikapokelewa, kelele tupu.

"Huyu Redio wako," shangazi alisema bila salamu, "anaongea mezani kama mnadani! Na fundi mpya wa lifti nilimuuliza kama anajua karata, kumbe hajui kitu, nimemkalisha hivyo hivyo. Leo Redio kataja pau mbili. Unajua fundi kasemaje?"

"Amepita?"

Shangazi akacheka, naye Pini akacheka, wakacheka mpaka kicheko kikachoka chenyewe.

"Mwanangu," shangazi alisema baadaye, wenzake wakikusanya karata, "Redio ni mnene, lakini kiti chako hakipati joto."

"Nipo, shangazi."

"Najua upo. Usikate."

Pini hakukata. Alijilaza kitandani, simu sikioni. Mama Redio alipotoka jikoni na maji, alimkuta shangazi amesinzia kitini, mdomo wazi, karata moja bado mkononi. Akamtolea simu mapajani ili aikate. Kabla hajaikata akaisikiliza kidogo, kwani ndiye Mama Redio. Upande wa pili hapakuwa na neno. Palikuwa na pumzi ndefu, taratibu, ya mtu ambaye naye amekwisha kulala.